Kiatu cha Kushoto Kwenye Friji

Mwajemi niliyemfanyia kazi Tottenham alioka mikate mirefu kama taulo. Tulipokuwa tukisubiri tanuri lipate moto, alinisomea mashairi yake ya mapenzi. Aliyaandika kwa Kiajemi, akanifasiria kwa Kiingereza chake, nami nikayapokea kwa changu. Vyote viwili ukiviunganisha havikufika kimoja.

Hayakuwa na vina wala mizani. Nilimwambia kwamba shule ya msingi tulifundishwa shairi lisilo na vina ni barua tu.

"Basi ni barua," alisema. "Roho yangu, zamani kwetu mpenzi alikuwa mwezi. Siku hizi ni mtu aliyesahau miwani bafuni."

Roho yangu alimwita kila mtu, hata dereva aletaye unga.

Kila Jumamosi mama mmoja wa Tanga, mkazi wa Stratford, alipitia kwetu na binti yake wakitoka sokoni. Yule binti nilimpenda, ila neno langu kwake lilikuwa "asante" tu, tena nikiangusha mikate. Mwajemi akachoka kuiokota. Akanipa shairi lake moja. Kulitia Kiswahili kulinichukua wiki nzima, maana naandika polepole, kisha nikalificha ndani ya mkate wao: Nimekiweka kiatu chako cha kushoto kwenye friji, kando ya mtindi, ili kisiende mbali wala kisiharibike.

Jumamosi iliyofuata binti alikuja peke yake, akavua raba ya kushoto, akaiweka juu ya kaunta.

"Haya, kiweke," alisema kwa Kiingereza, akaondoka na soksi mguuni.

Nikakiweka kando ya mtindi.

Mama yake alipoiona ile soksi, alipiga simu dukani. "Wewe kijana, kiatu cha mwanangu kinafanya nini kwenye friji ya watu?"

"Shikamoo mama. Kimekaa tu."

"Marahaba. Kama una nia, lete mshenga. Na kisinuke maziwa."

Sina ndugu huku, kwa hiyo mshenga akawa Mwajemi. Alivaa suti, akakipakata kiatu kwenye sinia ndani ya basi mpaka Stratford, mimi kando yake.

Mama alikuwa ametandaza sambusa na mkate wa kumimina. "Karibu chai, kaka."

"Hapana, nisikusumbue."

"Karibu bwana."

"La, kabisa."

Kwao adabu ni kukataa mpaka ubembelezwe. Kwetu mshenga anayekataa chai ya posa ameikataa nyumba. Mama akazifunika sambusa kwa kawa. Mwajemi akalitazama kawa kwa majonzi.

"Hata maji hamtaki? Kumbe mmekuja kurudisha kiatu."

Na kweli, kilikuwa pale kwenye sinia. Nikasimama.

"Mama, huyu ana njaa. Kwao lazima abembelezwe tena. Mimi namtaka binti yako."

Mama akanitazama, akalifunua kawa. "Karibu, kwa mara ya mwisho."

Mwajemi alikula kama mtu aliyetoka kufunga. Binti akatoka jikoni, akakivaa kiatu palepale, akarukaruka.

"Kibaridi," alisema, kwa Kiswahili.