Kulipima Jua kwa Ndoo, Hallunda

Mimi sikumaliza hata darasa la nne, lakini miaka ile ya themanini nilikuwa na kampuni yangu mwenyewe ya usafi hapa Stockholm, na Waswidi wenye digrii walisubiri niwaonyeshe pa kupiga deki. Basi binti yangu alipokuja na kazi ya shule, awaeleze wenzake jinsi watu wa kale walivyopima upana wa jua, nikamwambia, "Hiyo ni kazi ya maji. Niachie mimi."

Unatoboa kopo chini, na unaliongeza maji lisipungue. Ukingo wa jua ukichungulia tu, unakinga bakuli. Jua likitoka zima, unaondoa. Kisha unakinga ndoo mpaka macheo ya kesho. Gawanya maji ya ndoo kwa ya bakuli, utajua ni majua mangapi yakipangwa ubavu kwa ubavu yangezunguka mbingu yote.

Tulipima Septemba, kwenye roshani yetu Hallunda. Kitabu chake kilisema majua mia saba na ishirini. Sisi tukapata karibu nusu, kana kwamba jua letu ni pana mara mbili.

"Nej, pappa," akasema. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi, kila siku ya Mungu.

"Nej nini? Hapana nini? Mimi nakosea maji? Mimi?"

Jirani yetu Mganda, aliyekuwa mwalimu kwao, akacheka hadi akakohoa. "Mzee, kwa hiyo jua la huku limenenepa? Siagi hiyo!"

Mtoto akanisihi nimwache aseme hesabu ya kitabu, wenzake wasimcheke. Nikakataa katakata. Kitabu hakikusimama kwenye baridi na kopo, nilisimama mimi. "Utasema yetu."

Akaisema. Wakamcheka. Akarudi, akaketi jikoni na koti lake mwilini, na safari hii akanieleza kwa Kiswahili, polepole, kama anayemfundisha mtoto mdogo.

"Baba, kwenu Nanyuki, palepale kwenye ikweta, jua linapanda wima. Huku linapanda kimshazari, kama mtu anayekwepa mlima. Linachelewa kutoka lote, maji yanazidi. Mwalimu wetu shuleni anasema tulipima vizuri sana, ila njia ile haifai huku."

"Si nilisema tulipima vizuri!"

"Baba, walinicheka."

Nchi gani hii, hata jua haliwezi kupanda kama jua? Nani angeniambia?

Mwalimu alimruhusu arudie kwa njia nyingine ya kale: kidude cha mviringo juu ya rula ndefu, unakisogeza mpaka kiufunike mwezi, maana kwa macho upana wake ni sawa na wa jua, halafu unapima umbali wa kidude kutoka jichoni. Jioni mwezi mpevu ulipotokeza, nikanyoosha mkono niishike rula.

"Nej. Wewe kaa huko."

Nikakaa mlangoni. Alikuwa ameishika chini mno, haki ya Mungu, chini mno kabisa. Nikamwacha apime.