Kompyuta Tatu, Kinole Nzima Ikasikia

Niseme ukweli mapema, maana wengine mmeshausikia mkasa huu kwa watu wa Kinole na najua wao wameutia chumvi: ni kweli nilisimama juu ya jiwe nimevaa suti, nikakiri kosa langu kwa simu, na kukiri kwangu kukateremshwa mlimani na wanakwaya mmoja baada ya mwingine. Aibu niliipata, tena ya kutosha. Lakini nikiikumbuka siku ile huwa natembea kifua mbele, na mkinivumilia mtaelewa kwa nini.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria, viwanda vya Morogoro vinauzwa kimoja kimoja, na mimi niliyekuwa fundi wa mashine za kufumia nguo nikapunguzwa kazini, nikachukua kiinua mgongo changu nikanunua kompyuta mbili na kufungua kibanda cha kuchapa barua pale mjini. Niruhusuni nijisifu kidogo: hakuna aliyenifundisha. Nilishika bisibisi nikaifungua moja, nikaichunguza kama nilivyokuwa nikichunguza mashine za kiwandani, na haukupita muda watu wakawa wananiita Daktari. Jina hilo nililipenda kuliko nililobatizwa.

Sasa, wakulima wa viungo wa Kinole, kijiji cha kule milimani, walikuwa na kikundi chao, na kikundi kilikuwa na kompyuta waliyopewa na marafiki wa parokia, pamoja na sidii yake halali ya ule mfumo mkuu unaoiendesha. Katibu wao, Mama Consolata, alikuwa ameingiza humo orodha ya wakulima wote, shamba la kila mmoja liko wapi, nani ana mikarafuu, nani ana mdalasini. Radi ikapiga, kompyuta ikafa, akaniletea. (Mjue pia kwamba mimi ni Mnyamwezi na yeye ni Mluguru, kwa hiyo ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukusema mbele za watu na hata kukunyang'anya kitu, nawe ukinuna ndiyo umejiaibisha zaidi.)

Nikabadilisha ule ubao mkuu wa ndani, nikaongeza memori, diski yenye orodha nikairudisha kama ilivyokuwa. Ikawaka. Halafu kikatokea kidirisha kikisema kwamba vifaa vimebadilika sana, kwa hiyo nithibitishe upya ndani ya siku tatu kwamba mfumo ule ni halali. Kazi yenyewe ilikuwa kuwapigia simu wenye mfumo na kusoma namba, basi. Lakini nilijua kwenye simu unaulizwa mfumo umeuweka kwenye kompyuta ngapi, na mimi ile sidii ya Kinole nilikuwa nimeshaiweka kimyakimya kwenye kompyuta zangu mbili (siku hizo sidii moja ilizunguka mji mzima kama kinu cha jirani, hakuna aliyeona vibaya). Nikabonyeza "Baadaye". Ndiyo hivyo, mara moja tu, kwa kidole kimoja.

"Imepona kabisa?" Mama Consolata aliniuliza.

"Imepona, mama. Hata wajukuu zako wataikuta."

Akaniambia Jumatano mnunuzi wa karafuu anapanda na lori kutoka Dar, na ameshasema bila orodha ya wakulima iliyochapwa hapakii hata gunia moja, anakwenda kijiji kingine. Akanialika niwe mgeni wa heshima, niiwashe kompyuta mbele ya watu. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Hesabuni wenyewe. Mimi sikuhesabu, nilidhani ikizimwa siku nazo zinasimama.

Jumatano nikapanda Kinole na suti na tai nyekundu. Jenereta inanguruma, kwaya imeimba, magunia yamepangwa mpaka barabarani, mnunuzi kakaa mbele na miwani yake. Nikatoa hotuba fupi (haikuwa fupi) kuhusu maendeleo, nikabonyeza swichi, na kompyuta ikaamka vizuri hadi mahali pa kuingilia. Hapo ikagoma. Siku zimekwisha, thibitisha kwanza.

Nikaizima nikaiwasha. Nikaipuliza vumbi ambalo halikuwepo. Mnunuzi akatazama saa, kisha akatazama mawingu, maana mvua ikinyesha barabara ile lori haliteremki.

"Daktari," Mama Consolata akasema taratibu, "mgonjwa kakata roho?"

Kinole nzima ikacheka, nami nikacheka nao. Nikanakili namba za kwenye kioo, tarakimu hamsini na kitu, nikaweka karatasi mfuko wa shati na kukimbilia jiwe lililo juu ya migomba, maana siku hizo ndipo pekee simu ya mkononi iliposhika mtandao. Nilipofika na kutoa karatasi, jasho na manyunyu vilikuwa vimeigeuza dimbwi la wino. Na simu niliyopiga imeshapokelewa, mama mmoja mwenye Kiswahili cha Nairobi ananiambia, "Haya, soma."

Ni Mama Consolata aliyeokoa siku. Alisimama mlangoni mwa ofisi, akaona ninavyohangaika na karatasi iliyolowa, akawapanga wanakwaya kwenye kile kijia, kila mmoja mahali anapomsikia mwenzake, kutoka kompyuta hadi jiweni. Akawa anasoma tarakimu sita sita, zinapanda kwa sauti ya kwanza, ya pili, ya besi, zinanifikia, nami nazisema kwenye simu. Hakuna hata moja iliyopotea. Nilisisimka mwili, jamani.

Ndipo yule mama wa simu akauliza, "Mfumo huu umeuweka kwenye kompyuta ngapi?"

Simu mbovu, ikabidi nirudie ili nihakikishe nimesikia: "Kwenye kompyuta ngapi?" Besi aliyekuwa chini yangu akadhani ni ujumbe, akauteremsha. Nikausikia unakwenda, "Kompyuta ngapi, kompyuta ngapi," mpaka ofisini. Watu wote wakaniangalia juu.

Ningeweza kusema moja. Nikaona magunia, nikaona wale wanakwaya wamesimama kwenye manyunyu kwa ajili ya kosa langu, nikashindwa.

"Tatu," nikasema. "Mbili ni zangu, na humo nitauondoa leo hii."

"Tatu!" ikashuka. "Mbili ni zake!"

Yule mama akasema sidii ile ni ya kompyuta moja tu, nitimize nilivyoahidi, kisha akanitajia namba za kufungulia. Zikashuka kwa kwaya, Mama Consolata akaziandika, na kutoka jiweni nikasikia vigelegele kabla sijaona chochote. Orodha ikachapwa. Lori likapakia na kuteremka kabla ya mvua.

Niliporudi ofisini Mama Consolata alikuwa ananingoja. Akanifungua tai mbele ya mnunuzi, akaiviringisha. "Hii inabaki, mtani. Ukishakuwa na sidii zako mwenyewe njoo uichukue." Nikateremka mjini shingo wazi, na usiku haujaingia nilikuwa nimeshaufuta mfumo ule kwenye kompyuta zangu zote mbili.

Ilinichukua miezi kupata sidii zangu za halali. Nilipozipata nikazipandisha Kinole, akazikagua zote mbili, kisha akaitoa tai kwenye droo ya meza ya ile kompyuta, akanifunga mwenyewe na kuita watu. "Sasa huyu ndiye Daktari," akasema. Tangu hapo sijabonyeza "Baadaye" tena, wala sitabonyeza, na mteja akiniomba sidii ya kuazima namwonyesha mlango. Tai bado ninayo, inanukia karafuu, na sijaifua mpaka leo.