Kilichobaki Kinamasini

Mwaka wa Operesheni Vijiji, nyumba yao kule tambarare ilichomwa moto ili wahamie kijiji kipya, na mama yake Asnath akafia huko kabla ya masika. Asnath akapanda milimani hadi Mamba kwa ndugu zake, akapata kazi ya kumpikia mtaalamu aliyechunguza matope ya kinamasi cha msituni. Kila asubuhi bwana yule alizamisha bomba kinamasini, akalivuta na udongo wake, kisha akaupapasa kwa kidole gumba, taratibu, kama apapasaye paji la mtoto mwenye homa. Hakuwa msemaji, hata shukrani ya chai aliitoa kwa kuinamisha kichwa.

Siku moja Asnath aliuliza ule mstari mweusi katikati ya udongo ni nini.

“Mkaa, dada. Zamani sana msitu huu uliungua. Juu yake hadubini inaonyesha unga wa maua ya nyasi tupu, halafu wa miti tena.”

“Miti ileile?”

Bwana yule alifuta vidole shatini. Habari za msiba alikuwa amezisikia.

“Mingi ilirudi,” alisema kwa sauti ya chini. “Mingine haikurudi kabisa.”

Waliompa pole kabla yake wote walikuwa wamemwambia atazoea. Asnath akaketi palepale kwenye majani, akalia kwa mara ya kwanza tangu maziko.