Msusi wa Kitengela Aliyekataa Kuuza Nywele za Uongo

Jumamosi asubuhi, jua la Kitengela bado halijakasirika, na Nthambi Maundu anagawanya nywele za mtoto wa darasa la nne kwa ncha ya kitana. Kichwa chake mwenyewe kiko wazi. Kimenyolewa, kinang'aa mafuta, na hakuna kilemba wala wigi karibu.

Mama wa mtoto amesimama mlangoni na mfuko wa mboga. Anataka msuko ukazwe ili ufike siku ya kufunga shule.

"Kaza kidogo, auntie. Hiyo haitamaliza wiki mbili."

"Nikikaza itammaliza yeye," Nthambi anajibu, mikono ikiendelea. "Mimi nasuka hivi. Ama umpeleke kwingine."

Mama anamtazama kichwani, anacheka. "Wewe hauna hata moja na unanifundisha mambo ya nywele?"

"Ndio maana nakufundisha."

Mtoto ndiye anacheka kwanza. Mama anatafuta kiti, anaketi.

Nthambi, mwenye miaka arobaini na mitatu, alitoka Mwala akimfuata mumewe Kimeu, fundi wa mawe, wakati Kitengela ilikuwa bado ni nyasi na vibao vya ploti. Amesuka tangu siku hizo. Siku njema hurudi nyumbani na shilingi elfu moja na mia tano. Siku mbaya hurudi na vidole vinavyouma, basi.

Upara wake ulianzia kazini. Kwenye saluni nyingi Jumatatu haina wateja, kwa hivyo siku hiyo wasusi husukana wenyewe. Kichwa cha msusi ndicho kibao cha biashara: mteja huingia, hunyoosha kidole, husema nataka kama ya huyo. Basi kila Jumatatu mtindo mmoja ulifumuliwa na mwingine kusukwa juu ya ngozi ambayo haijapumzika, tena imetoka tu kupakwa dawa ya kulainisha. Aliyelia alichekwa. Walikuwa na msemo wao: ikiuma ndio imeshika.

"Nilikuwa nashindwa hata kufunga macho vizuri," Nthambi anasema. "Nameza dawa ya maumivu, nalala nimeegemea ukuta. Kesho yake wateja wananiambia nimependeza. Sasa hapo utaacha?"

Vipele vilitoka kwenye panja, vikapona, vikarudi. Nywele za pembeni zikaenda navyo. Kisha utosi ukaanza kuwaka kama umepakwa pilipili, na doa la upara likawa linapanuka. Akavaa wigi. Gundi ya wigi ikamalizia pale msuko ulipoachia.

Mzazi unayesoma haya, mguse mwanao pembeni mwa uso leo akitoka kusukwa. Ukipata vipele, usingoje vikomae. Fumua.

Nthambi alichelewa. Daktari wa ngozi aliyemwona alikata kipande kidogo cha ngozi, kikapimwa. Pembeni kulikuwa bado na mizizi hai. Utosini palikuwa pamegeuka kovu.

"Aliniambia kovu ni kama sementi. Umwagilie maji mpaka mwaka uishe, hakuna sukuma wiki itatoka hapo."

Daktari alimpangia yaliyopo. Kuna matone ya kupaka kila siku, ambayo huweza kuamsha mizizi iliyolala, lakini huchukua miezi, na ukiyaacha faida yake nayo hukuacha. Kuna sindano za kichwani za kutuliza ule moto ili kovu lisisambae; hizo hulinda kilichobaki, si kurudisha kilichokwenda. Wengine huchujiwa damu yao wenyewe na kudungwa nayo kichwani, na wapo wanaoisifu, ila ushahidi wake bado haujakaa sawa. Kupandikiza nywele ni ghali karibu kama kununua ploti, na juu ya kovu zinaweza kukataa kushika.

Nthambi akatoa simu, akamwonyesha habari za vidonge vipya na za seli zinazokuzwa maabara. Daktari hakumcheka. Alimweleza kwamba baadhi ya vidonge hivyo vinasaidia kweli, lakini ni vya ugonjwa mwingine, ule wa mwili kujishambulia na kuacha mabaka yasiyo na kovu. Mambo ya seli bado yako kwenye majaribio.

"Nilitoka hapo nimekasirika," anasema. "Si yeye nilimkasirikia. Ni hiyo miaka yote, na hakuna mtu alituambia."

Hasira hiyo ilipata mahali pa kutua. Mwenye saluni aliyemwajiri, Beverlyne, alikuwa amenunua mzigo wa chupa zisizo na jina la dawa iliyomo, pamoja na kigurudumu cha sindano cha kutoboa ngozi ya kichwa. Huduma hiyo aliiita matibabu ya mizizi, shilingi elfu kumi na tano kwa kila mteja. Kilichokosekana ni ushahidi.

Akamwita Nthambi kando. Alitaka avue wigi apigwe picha ya upara, kisha avalishwe wigi jingine la bei, limeshonwa vizuri, apigwe ya pili. Kwa kila mteja ambaye angekuja kwa sababu ya picha hizo, Nthambi angepata fungu lake. Asipotaka, kiti chake kina watu wanaokitamani.

"Kwa chupa kuna nini?" Nthambi aliuliza.

"Ni fomula. Wewe ni msusi ama ni mkemia?"

Wakati huo Kimeu alikuwa hana kazi ya mjengo, na kiti hicho ndicho kilicholisha nyumba. Nthambi hakukataa siku ile. Alisema atafikiria, akaenda nyumbani, akafikiria kweli.

Jibu lilimtoka mbele ya watu. Jentrix, mwalimu wa chekechea anayepanga huko Milimani, aliingia saluni ikiwa imejaa, na pesa aliyopewa na chama chake cha akiba. Nywele zake za utosini zilikuwa zimeanza kukonda. Kabla ya kulipa alimgeukia Nthambi, ambaye wigi lake lilikuwa limekaa vizuri kabisa, akamuuliza kama yeye alitumia dawa ile na ikamsaidia.

Nthambi alivua wigi, akaliweka juu ya meza ya vitana.

"Hii ndio kichwa yangu, mwalimu. Hiyo chupa haijaigusa, na hata hatujui iko na nini. Wewe bado uko na nywele. Enda kwa daktari wa ngozi kwanza."

Aliyekuwa chini ya kikaushio alitoa kichwa nje. Beverlyne hakupiga kelele. Alimwambia tu achukue vitana vyake.

Beverlyne naye ana lake la kusema. Anasema aliyemuuzia mzigo alimwapia kwamba unafanya kazi, na kwamba kodi ya nyumba ya biashara haingoji mtu apone. Chupa amezirudisha kabatini mle saluni. Hajazitupa.

Jentrix alikwenda kwa daktari. Ilionekana damu yake ilikuwa na upungufu wa madini ya chuma, na hilo lina tiba yake.

Nthambi alikaa majuma kadhaa bila kichwa cha kusuka. Kanisani kina mama walimshika mkono na kumuuliza ni nani amefariki, maana mwanamke aliyefungua kichwa hivyo hudhaniwa yuko kwenye matanga. Aliwajibu kwamba aliyekufa ni wigi.

Aliyemwinua ni jirani yake, Ngoto Parsaloi, muuza shanga. Alimsalimia kwa Kimaasai, "Takwenya", akajibiwa "Iko", kisha akamtazama yale mabaka ya nywele yaliyobaki na kumuuliza anayawekea nini. Kwao, alimwambia, mwanamke hunyoa ndipo apendeze. Akampeleka kwa kinyozi wa mashine, akamlipia, akamvalisha hereni ndefu za shanga, na kumpa nusu ya kibanda chake asukie watu.

"Nilijiangalia kwa kioo nikaona uso wangu," Nthambi anasema. "Nilikuwa nimeusahau."

Hajaacha kutafuta tiba. Anapaka matone pembeni, na nywele laini zimeanza kutoka hapo. Sindano zimetuliza moto wa utosini. Kupandikiza amekataa. Habari za dawa mpya bado anazisoma.

"Zikuje. Mimi sina vita na dawa," anasema. "Lakini ikuje na jina lake, na mtu amepona nimguse kichwa na hii mkono yangu. Picha sitaki kuona."

Sasa amepata chumba Kisaju, sokoni. Anataka kiwe saluni ambapo msichana hukaguliwa ngozi kabla ya kitana kumgusa, na mwenye vipele hurudishwa nyumbani hata kama mama yake amekunja uso.

Wiki iliyopita alimwita mchoraji wa vibao. Kijana alikuja na mchoro wa kila saluni, mwanamke mwenye nywele zinazomwagika hadi kiunoni. Nthambi akamwambia amchore yeye, na hereni zake, na kichwa hivyo kilivyo.

Mchoraji alisita na brashi mkononi. "Mama, wateja si watakimbia?"

"Wakimbie," Nthambi alimwambia. "Wakimbie wakiwa na nywele zao."