Chaki za Enesi na Uso Uliofutwa Kila Jumamosi

TUNDUMA, Juni 1954

Saa moja asubuhi. Umande haujakauka kwenye majani ya maharage, na tayari Enesi Namwinga amejichora michirizi kumi ya rangi kwenye mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi kiganja. Asiyemjua angedhani anajitibu upele.

Anatoa kijiti kingine kwenye kopo la pumba za mahindi, anakipuliza, anakipitisha taratibu juu ya ngozi. Anakitazama. Anakunja uso.

"Hiki kigumu, kinateleza," anasema. "Kigumu ni cha mistari ya mwanzo. Ukikitumia kwenye shavu unamkwaruza mtu kama unasugua sufuria. Shavu linataka chaki laini, ile ukiigusa tu inakuachia unga."

Enesi ana miaka thelathini na minane, na kazi yake ni kuchora sura za watu kwa chaki za rangi, hapa Chapwa, mwendo mfupi kutoka kizuizi cha mpakani. Wanaovuka kwenda machimbo ya shaba Rhodesia ya Kaskazini humwachia sura zao ili mama na wake zao wabaki na kitu cha kutazama. Picha moja ni shilingi mbili, au debe la ulezi kwa asiye na shilingi.

Lakini leo hakuna msafiri. Kwenye benchi mbele ya nyumba yake wamekaa watu watatu wa ukoo mmoja, wamevaa nguo za kanisani ingawa ni Jumanne. Wamekuja kusaidia kumtafuta ndugu yao ambaye hayupo tena duniani, na safari hii ikishindikana hawatakuwa na pa kumtafuta.

Aliyekaa katikati ni Bibi Elizabeti, mama mzazi wa Raphaeli, huyo anayetafutwa. Kulia kwake yupo binti yake, Jenista. Kushoto yupo Mzee Anania, mdogo wa marehemu mume wa Bibi Elizabeti, mtu wa maneno mengi na masikio makubwa.

Raphaeli alivuka mpaka mwaka 1948, akiwa na miaka ishirini na miwili. Kabla ya kuondoka alikaa kwenye kigoda cha Enesi asubuhi nzima, akachorwa. Miaka minne baadaye ilikuja barua kwamba mgodi umemwangukia na amezikwa hukohuko. Mama yake hana kaburi la kupalilia wala picha ya kamera. Alichobaki nacho ni ile karatasi ya Enesi tu.

"Nilikuwa nimeitundika juu mlangoni," anasimulia Bibi Elizabeti. "Barua ilipokuja nikamshusha. Nikasema mwanangu hatakaa juu huko na buibui. Basi kila Jumamosi, nikishasiriba sakafu na kuosha vyombo, na yeye namfuta vumbi, ili Jumapili imkute msafi."

Kila Jumamosi, kwa mwaka mmoja na nusu! Na picha ile haikuwa na kioo, maana kioo kimoja ni bei ya picha tano.

Polepole Raphaeli akaanza kufifia. Mama yake, ambaye macho yake yana ukungu, hakushtuka. "Nilidhani ni macho yangu yanayokufa," anasema. "Nikawa nafuta zaidi, nipate kumwona."

Ni Jenista, alipokuja kusalimia akitokea kwa mumewe kule Nanyala, aliyeichukua ile karatasi, akaipeleka kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku.

"Mama," akasema, "mbona humu hamna mtu?"

Enesi anapolisikia tena neno hilo anainamisha kichwa. Habari zilipozagaa, watu walianza kusema kwamba picha za Enesi zinakufa. Wateja wakapungua hadi mmoja kwa mwezi. Lakini hilo, anasema, halikumuuma kama lile la yule mama.

"Kosa ni langu. Ningemwambia siku ileile: Mama, hii si rangi ya ukutani, huu ni unga uliokaa juu ya karatasi. Usiiguse! Lakini nani atamkataza mama wa kwetu kufuta vumbi Jumamosi? Hata mimi nafuta."

Chaki hizi Enesi alizipata kwa bahati. Alikuwa akipiga pasi kwa mke wa mlowezi mmoja wa kahawa huko Mbozi. Yule mama wa Kizungu alipenda kuchora milima, na alipoona Enesi anatazama kwa kuibia, akamwita karibu. Alimfundisha kuanza na giza na kumalizia na mwanga, kuulaza ubavu wa kijiti anapotaka eneo pana na kuisimamisha ncha anapotaka mstari. Walipohama mwaka 1946, alimwachia sanduku zima, vijiti vingi vikiwa vipande.

Mengine Enesi aliyagundua mwenyewe. Karatasi nzuri kuliko zote si ile nyeupe ya barua. Ni ile ya kaki ambayo dukani hufungia misumari, kwa sababu inakwaruza kidogo na chaki inapata pa kushika. Na vijiti havikai kopo moja bila pumba, la sivyo vinaambukizana rangi hadi vyote vinakuwa kama matope.

Baada ya aibu ya Raphaeli, alianza kutafuta namna ya kuufunga ule unga usifutike. Alijaribu maji ya uji wa ulezi. Mende wakala picha yote, wakaacha kola ya shati. Akajaribu maji ya sukari, wakaja sisimizi.

"Nikawa nimechoka," anasema akicheka. "Halafu nikakumbuka wazee wetu wanavyombariki mtu anayesafiri. Wanaweka maji mdomoni, wanampulizia, puu! Manyunyu hayo ni membamba kuliko ya chombo chochote. Nikajaribu kwa maziwa yaliyoenguliwa siagi yote, nikachanganya na maji. Yakakauka. Nikapitisha kitambaa. Mtu yupo!"

Tatizo likabaki moja. Maziwa hutia rangi giza. Shavu alilolichora likiwa sawasawa, likipulizwa linageuka kama limepakwa masizi. Ndiyo maana siku hizi Enesi huchagua kila kijiti kikiwa cheupe kidogo kuliko ngozi anayoitaka, na kuamini kwamba maziwa yatamalizia. Kuamini huko, anakiri, ndiko kugumu.

Wiki tatu zilizopita alijaribu kumchora Raphaeli kwa kumbukumbu yake. Akampelekea mama. Bibi Elizabeti akaishika picha karibu na pua, akaitazama sana, kisha akasema kwa adabu zake zote, "Ni kijana mzuri. Wa kwao ni nani?"

Enesi hakula siku hiyo.

Ndipo akawaita ndugu. Kama uso haupo kwenye karatasi wala kichwani, akasema, basi umegawanyika kwa watu wake, na tukiwakusanya tutauokota. Karatasi nzuri imebaki moja, na chaki ya kahawia laini imebaki kipande cha ukubwa wa haragwe. Hakuna kurudia.

"Paji la uso ni la Jenista," anaanza Bibi Elizabeti, na mkono wake unapapasa uso wa binti yake. "Hapa, mpaka hapa. Lakini lake lilikuwa pana zaidi."

"Masikio ni yangu," anasema Mzee Anania, akinyoosha shingo.

"Shemeji, mwanangu hakuwa na masikio ya punda."

"Basi angalau moja!"

Wote wanaangua kicheko, hata Enesi ambaye chaki ngumu imeshaanza kutembea mkononi mwake. Wanabishana juu ya pua. Wanaelewana juu ya kidevu na ndevu chache alizoondoka nazo. Mama anaonyesha kwa kidole mahali pa kovu dogo la tetekuwanga chini ya jicho, mahali ambapo maji ya kumwogeshea yalikuwa yakituama.

"Na macho?" anauliza Enesi.

Wanatazamana usoni, mmoja baada ya mwingine. Macho hayo hayapo kwa yeyote kati yao.

"Macho yake," anasema mama, "yalikuwa kama ya mtu anayetaka kucheka lakini yuko kanisani."

Enesi anaacha kuchora, anatazama mbali kidogo, kisha anaendelea haraka kama anayeogopa kusahau.

Inabaki rangi ya ngozi. Katika michirizi yote ya mkononi, hajui ni upi uliokuwa wa Raphaeli. Hapo Jenista anafungua kifundo cha kanga yake na kutoa kitambaa kilichokunjwa. Ni kile cha kufutia picha kila Jumamosi. Tangu siku ile walipogundua, mama alikataa kisifuliwe.

Kitambaa kimeshika rangi ya kahawia yenye wekundu kwa mbali. Enesi anakiweka kando ya mkono wake, anakisogeza mchirizi hadi mchirizi, anasimama kwenye wa saba. "Huyu hapa," anasema kwa sauti ndogo. Kisha, kwa ajili ya maziwa, anachukua kijiti cha mchirizi wa sita, kilicho cheupe zaidi, na kile kipande cha haragwe anakiweka kwa ajili ya kivuli cha shingo.

Kazi inachukua hadi saa sita. Hasugui kwa kidole. Anaweka rangi juu ya rangi, na unga unaozidi anaupuliza. Mwisho kabisa anachukua nyeupe laini na kugusa kila jicho mara moja.

Mzee Anania anachungulia. "Ala! Binti, umemfanya Mzungu!"

Mama anaisogelea picha, anakaza macho. Uso wa Enesi umelowa jasho.

"Bado maziwa, Mama," anasema, na kuchukua bakuli. Lakini Bibi Elizabeti ameshanyoosha mikono.

"Lete kwangu. Nilimfuta mimi. Nitambariki mimi."

"Mama, manyunyu yakiwa mazito yataharibu. Karatasi nyingine sina."

"Alipoondoka nilimpulizia maji pale njiani, akafika salama. Kufika alifika. Lete."

Enesi anamtazama Jenista, Jenista anatazama chini. Anampa bakuli. Anamfundisha kusimama hatua mbili nyuma na kubana midomo. Bibi Elizabeti, ambaye meno ya mbele yamebaki mawili, anajaribu kwanza juu ya mchanga. Kisha anajaza kinywa, anafumba macho, anapuliza mara tatu.

Karatasi inalowa na kuwa na mabakamabaka meusi. Mzee Anania anashika kichwa. Hakuna la kufanya ila kungoja jua.

Wakati wa kungoja ndipo Enesi anapomweleza mwandishi anachokitaka. Anataka sanduku jipya la chaki kutoka Mbeya, na lenye rangi nyingi za kahawia, maana lile la Kizungu lilijaa bluu za mbingu. Anataka kuwafundisha wasichana wawili wa Chapwa kazi hii. Na kuanzia sasa hakuna picha itakayotoka kwake bila kupulizwa. Wateja wa zamani wote wakileta zao atawapulizia bure.

"Niliwapa watu vumbi," anasema. "Nataka kuwapa kitu kinachokaa."

Juani, mabaka yanaanza kutoweka. Weupe umeondoka mashavuni. Paji la Jenista linatokea, na sikio moja la Anania, bila ubishi. Kwenye shavu limebaki tone moja, jeusi kidogo kuliko ngozi. Enesi anajongea kulishughulikia.

"Liache hilo," anasema Bibi Elizabeti. "Hilo ni langu."

Anaichukua karatasi kwa ncha za vidole, anaigeuzia mwanga. Anatazama kwa muda mrefu mno. Halafu sauti yake inatoka kwa ukali, ile sauti ya mama kwa mtoto anayechelewa kanisani:

"Raphaeli! Na ndevu hizo hujanyoa?"

Jenista anajifunika uso kwa kanga. Mzee Anania anashika sikio lake. Enesi anageukia kopo lake na kuanza kurudisha vijiti kwenye pumba, kimoja kimoja, huku machozi yakichora mchirizi wa kumi na mbili mkononi mwake.

Bibi Elizabeti anakiokota kitambaa benchini, anakikung'uta mara moja, anakitia kwapani.

"Jumamosi," anasema, "nitafutia vikombe."