Sauti Iliyomwita Kifaru

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, kabla sijafika mbali. Jambo hili lilinitokea mimi mwenyewe, hapa Isongole, alasiri ya saa kumi, nikiwa na akili zangu zote.

Kifaru ni mbwa wetu wa nyumbani, chotara wa mbwa polisi. Akisimama, miguu yake ya mbele inafika mabegani mwangu. Si mkali. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: kila lori lililopita alilikimbilia, na lami iko hatua chache kutoka shamba letu la viazi. Niliogopa kwamba siku moja ningemzoa kwa koleo. Basi nikaanza kumfundisha. "Kaa," anakaa. "Njoo," anakuja mbio bila kusita, nami nampa kipande cha kiazi cha kuchemsha.

Mama hakupendezwa.

"Hapa kwetu ukungu ukishuka, hata mtu haitiki mwito wa kwanza. Anasubiri aitwe tena, ajue anaitwa na nani. Wewe unamfundisha mbwa kukimbilia sauti?"

"Mama, akisubiri mwito wa pili, lori litakuwa limeshampitia."

"Haya, mwalimu wa mbwa. Sisi wengine hatukusoma."

Siku hiyo ukungu ulishuka ghafla kutoka mlimani. Ukameza migomba, ukameza matuta, mwisho hata viatu vyangu sikuviona. Nilikuwa nimemkalisha Kifaru mwanzo wa shamba, nikaenda hadi mwisho, ukingoni mwa korongo, ili nimwite. Sikuwa nimefungua mdomo.

"Kifaru, njoo!"

Niamini, ilikuwa sauti yangu. Sisemi ilifanana na yangu. Ilikuwa yangu, pamoja na ukwaruzo wa mafua niliyokuwa nayo wiki ile. Ilitoka korongoni, nyuma yangu. Wewe ungefanya nini? Mimi nilijishika koo.

Kifaru akaja mbio. Manyoya yake yakanigusa goti, akanipita.

"Kifaru, kaa!" nikapaza sauti.

Akakaa. Nilimsikia akihema, hatua tatu hivi kutoka niliposimama. Kisha kule korongoni, taratibu, kwa upole nilioudhani ni wangu peke yangu: "Njoo, baba. Njoo."

Nikaita tena. Sauti ilinitoka nyembamba, imekatika kwa hofu. Kati ya zile sauti mbili, yangu ndiyo iliyosikika kama ya kuigiza. Kifaru akainuka, akaenda. Baadaye kidogo nikasikia akitafuna kitu.

"Safi, baba. Safi."

Sikumfuata. Nasema kwa aibu: nilikimbia. Mama aliponiona naingia mbio, alifunga mlango nyuma yangu.

Kifaru alirudi siku ya tatu, mzima, amenenepa. Malori hayakimbilii tena. Lakini hukaa kabla sijamwambia, huinuka, hugeuka, hulala chini, akifuata amri nisizozisikia. Ukungu ukishuka huenda mlangoni, akakaa, akanitazama mimi, kama aliyetumwa kunichukua.

Wewe mwenye mbwa, nakusihi, usimfundishe kutii sauti peke yake. Akuone kwanza, auone hata mkono wako. Mimi siku hizi nikiwa shambani sisemi kitu. Mama akinitaka huja hadi aniguse bega, nami namjibu kwa kichwa. Kile kilichoko korongoni kinajifunza haraka, na sitaki kukifundisha neno jingine.