Mama Mkwe Alisema Kuna Fujo

Wiki ile fundi wa dari alikuwa amebomoa sebule yetu yote halafu akaondoka. Alisema anafuata mbao Kayanga, ambako kutoka kwetu Bugene mtu anaweza hata kwenda kwa miguu, akakaa siku nne bila kurudi wala kupokea simu. Vipande vya dari ya zamani vilikuwa sakafuni, viti vimepandishwa juu ya viti, na vitabu vyangu vya shule vimo kwenye beseni la kufulia. Kisha mvua ikaanza, tukalazimika kuingiza ndani kahawa iliyokuwa imeanikwa uani na kuimwaga kwenye turubai katikati ya vumbi hilo. Ukitaka kwenda jikoni, unaruka kahawa.

Mama mkwe wangu alifika siku hizohizo akitokea Kituntu, na mkungu wa ndizi, aje akae kwetu wiki mbili apate kutibiwa macho. Ni mwanamke msafi kupita kiasi. Kwake hata banda la kuku linafagiwa. Alisimama mlangoni, akatazama sebule kutoka kona hadi kona, akanipa mkungu, akainua khanga yake isiguse vumbi.

Nyumbani tunaongea Kinyambo. Kiswahili chake ni cha kanisani na sokoni, lakini anakipenda, na akikutana na mtu asiyejua Kinyambo anakimwaga bila woga. Mchungaji wetu ametoka mkoa wa mbali, na Kinyambo chake kinaishia kwenye salamu. Jumamosi asubuhi alinipigia simu kuuliza kama kesho yake nitafundisha watoto. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nakung'uta makapeti. Simu akaipokea mama mkwe. Mazungumzo yao alikuja kunisimulia mwenyewe, bila haya, maana hakuona kosa lolote.

“Hawezi kuja kwenye simu, Mchungaji,” alimwambia. “Hapa kwa mwanangu kuna fujo kubwa. Tangu nifike ni fujo tupu.”

“Fujo, mama? Wewe uko salama?”

“Mimi nimejibanza chumbani.”

“Na baba mwenye nyumba yuko wapi?”

“Ametoka. Amechukua panga.”

Kila neno lilikuwa kweli. Chumba chake ndicho pekee kilichokuwa safi, na mume wangu alikuwa ameenda kupunguza majani ya migomba.

Haikupita nusu saa bodaboda mbili zikaingia uani. Wakashuka mchungaji, wazee wawili wa kanisa, na mama mmoja wa umoja wa wanawake aliyekuja na khanga ya akiba mkononi, sijui ya kunifunika au ya kunifunga jeraha. Mimi nilikuwa nimejaa vumbi jeupe hadi kwenye kope, na jicho moja limevimba kwa kulifikicha.

“Bwana Yesu asifiwe,” mchungaji akasema taratibu, kama mtu aliyeingia kwenye msiba.

“Amina. Karibuni. Shikamooni wazee.”

“Marahaba. Pole sana, binti yangu,” mzee mmoja akasema, akiliangalia jicho langu. “Nani amekufanyia hivi?”

“Fundi!” nikasema. Hasira za siku nne zikanipanda. “Kaniharibia nyumba, kakimbia. Na mume wangu anamtetea!”

Wakatazamana. Wakati huohuo mume wangu akatokea migombani, jasho linamtiririka, panga mkononi. Mzee wa pili akaruka mbele yangu, mikono ameitandaza.

“Weka hilo panga chini kwanza, mwanangu. Weka, tuongee.”

Mume wangu aliliweka. Ni mtu ambaye hata mbuzi akila maharage yake humfukuza kwa kumwomba. Alisimama pale akituangalia mmoja mmoja, mdomo wazi, ndipo mama yake akatoka chumbani, uso umefurahi.

“Karibuni! Si nilikwambia, Mchungaji? Njoo uone mwenyewe.” Akawapeleka hadi mlango wa sebule, akanyoosha mkono kuonyesha sakafu.

Mchungaji akachungulia. “Mama, ulisema kuna fujo.”

“Ndiyo. Na hii si fujo?”

Hapo ndipo nilipokosea. Nafundisha Kiswahili sekondari, na sauti ya darasani ikanitoka mbele ya wageni wote. “Mama, fujo ni watu kupigana, kupiga kelele, kuvunja vitu. Hapa palitakiwa useme nyumba iko shaghalabaghala. Sha-gha-la-ba-gha-la.”

Alirudi chumbani, akafunga mlango polepole. Wageni wakaaga, hata chai hawakunywa, kwa sababu pa kukaa hapakuwepo. Mume wangu akaokota panga lake, akaniuliza, “Ulilazimika kumfundisha leo?” Akarudi migombani.

Nikachomoa kamusi kwenye beseni ili nimwonyeshe mama mkwe kosa lake. Maana ya kwanza kabisa ya fujo ilikuwa hali ya kukosa mpangilio. Ugomvi ulifuata chini yake. Niliisoma mara tatu, na kila mara ikanikera zaidi, maana muda si mrefu uliopita nilikuwa nimempiga mkasi wa wino mwekundu mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyeandika kwamba kabati la mama yake lina fujo. Jumatatu nilimrudishia alama yake. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia akae.

Jioni ileile ya Jumamosi nilimpelekea mama mkwe chai chumbani.

“Mama, nisamehe. Neno lako lilikuwa sahihi.”

“Najua.”

“Ila ukimwambia mtu kwenye simu ‘kuna fujo’, anafikiria ngumi. Ungesema vitu viko ovyo, au nyumba imevurugika, angeelewa.”

Alikunywa kidogo. “Na lile lako?”

Nikalitamka. Akalijaribu, likamkwama katikati. Akalijaribu tena, akacheka hadi chai ikamwagika. “Neno refu hivyo kwa kitu cha kufagia? Wewe ungeanza kulitamka, mimi ningekuwa nimemaliza sebule.”

Kwetu mambo yakawa sawa. Nje ndiko yalikoharibika. Waliowaleta wageni walikuwa wamesikia “fujo” na “panga”, na waendesha bodaboda hawana siri. Sokoni mama nisiyemjua alinishika mkono akaniambia nivumilie. Wifi yangu alipiga simu kutoka Nyakatuntu akimgombeza kaka yake, na mimi nikamweleza maana mbili za fujo hadi salio lake likaisha. Mwalimu mwenzangu aliniuliza kama jicho linaendelea vizuri, kwa sauti ya chinichini. Jumapili ya wiki iliyofuata mume wangu alisema ana kazi shambani, hakwenda kanisani.

Mama mkwe aliliona hilo. Baada ya matangazo alisimama katikati ya waumini, akajifunga khanga vizuri, akamwomba mchungaji nafasi.

“Mwanangu hapigi mke,” alisema kwa Kiswahili chake, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. “Nilisema fujo ya vitu, sikusema fujo ya watu. Atakayesema tena, aje kwangu.”

Akaketi, ameridhika. Wale ambao walikuwa hawajasikia habari hiyo, siku hiyo wakaisikia, na wote wakageuka kuniangalia jicho.